Programu huria na fremuweki za mabwenyenye: Je, ndoa hii ina cheti?

Ukitaka kuona vijana wawili wa kompyuta wakirushiana maneno kama mashabiki wa Gor na Ingwe siku ya debi ya Mashemeji, waulize swali moja tu: je, programu huria inaweza kujengwa juu ya msingi ambao mwenyewe ni kampuni?

Mmoja atakuambia zii, hiyo ni kujenga nyumba ya mawe kwenye ploti ya mtu. Mwingine atacheka na kukuuliza kama leseni zinapikwa zikalika. Kazi ni kazi, atasema, na mwenye ganji ndiye huchagua vifaa. Hapo ujue chai itapoa mezani.

Mjadala huu una zaidi ya miaka 25 na si wa wazungu wenye ndevu peke yao. Unamgusa kila kijana wa Nairobi, Mombasa, Kisumu au Eldoret anayejifunza kuandika programu kwa laptopu ya mtumba, akitarajia ujuzi huo umlipie nyumba. Mimi mwenyewe chuo niliachia njiani karo ilipolemea familia. Ninachojua kuhusu kompyuta nimekipata kwa programu huria na bando za usiku. Kwangu, swali la nani anamiliki vifaa vya kazi si falsafa. Ni swali la kama kesho nitakuwa na kazi.

Sasa skiza. Kelele za pande zote mbili tumezisikia kitambo. Wacha tuangalie yaliyotokea kweli.

TUELEWANE KWANZA

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inakuruhusu kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kumpa mwenzako. Huria si lazima iwe bure, ingawa mara nyingi hutatoa hata ndururu. Linux ni huria. Firefox ni huria.

Fremuweki nayo ni boma lililofika kwenye linta. Msingi umechimbwa, kuta zimesimama, nafasi za milango na madirisha zimeachwa. Wewe devela unakuja kumalizia: paa, rangi, vyumba vya wateja wako. Badala ya kuandika upya jinsi programu inavyosoma faili, inavyochora kitufe kwenye skrini au inavyozungumza na hifadhidata, unatumia kazi iliyokwisha kufanywa na wengine.

Shida ni kwamba nyumba ikishaisha huwezi kuibeba mgongoni. Programu ya mistari elfu 50 iliyoandikwa juu ya fremuweki moja haihamishwi kwa wikendi moja. Unaiandika upya, na mteja hatalipia kitu ambacho tayari anacho.

Tena kuoana kwa vitu hivi kuna sura mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi: je, vinafanya kazi pamoja bila kukwaruzana? Ya pili ni ya kisheria: je, leseni ya huku inakubaliana na leseni ya kule? Wengi wetu huuliza la kwanza na kusahau la pili. Hili la pili ndilo huleta tingatinga asubuhi na mapema.

KISA CHA KWANZA: KDE NA QT

Oktoba 1996, mwanafunzi Mjerumani aitwaye Matthias Ettrich alitangaza mradi wa KDE. Alitaka Linux iwe na sura ya kuvutia: madirisha, aikoni na menyu ambazo hata shangazi yako angezielewa. Ili kuchora hayo yote alichagua Qt, fremuweki safi kabisa ya kampuni ya Trolltech kutoka Norwe.

Kiufundi ndoa ilikuwa tamu. Kisheria kulikuwa na balaa. Sehemu kubwa ya msimbo wa KDE ilikuwa chini ya leseni ya GPL, ambayo kwa ufupi inasema: ukisambaza programu hii, sehemu zinazoungana nayo ziwe na uhuru ule ule. Qt ya wakati huo haikutoa uhuru huo. Uliruhusiwa kuitumia bila malipo kuandikia programu huria, lakini hukuruhusiwa kuirekebisha na kusambaza toleo lako. Mwaka 1998 watu wa Debian, mojawapo ya matoleo makubwa ya Linux, walikataa kusambaza KDE. Hoja yao ilikuwa kwamba leseni hizo mbili haziwezi kulala chumba kimoja.

Wengine walikuwa wameshatoka. Agosti 1997 vijana wawili wa Mexico, Miguel de Icaza na Federico Mena, walianzisha GNOME, mradi mshindani ambao haukuigusa Qt hata kidogo. Shika hilo jina la de Icaza. Tutakutana naye mbele, akiwa amesimama upande wa pili wa uwanja.

KDE na Trolltech nao hawakuachana. Mwaka huo wa 1998 walitia saini mkataba na kuunda wakfu wa pamoja. Makubaliano yalikuwa kwamba kampuni ikiacha kutoa toleo huria la Qt kwa muda wa miezi 12, wakfu una haki ya kuitoa Qt yenyewe kwa leseni huria. Septemba 2000 Qt ikawekwa chini ya GPL, na ugomvi wa leseni ukaisha.

Angalia kilichofuata. Mwaka 2008 Trolltech ilinunuliwa na Nokia. Mwaka 2012 Nokia ikaiuza Qt kwa Digia ya Finland, na baadaye ikatengewa kampuni yake yenyewe. Wenye mali walibadilika mara tatu na mkataba ukabaki pale pale. Mali bila daftari hupotea bila habari, na KDE walikuwa na daftari.

KISA CHA PILI: TUMBILI NDANI YA NYUMBA YA MICROSOFT

Mwaka 2000 Microsoft ilitangaza .NET, fremuweki kubwa iliyokuja na lugha mpya ya C#, kazi ya timu iliyoongozwa na Anders Hejlsberg. Enzi hizo Microsoft na Linux walikuwa paka na panya. Juni 2001 mkuu wa Microsoft, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani kwa sababu ya leseni yake.

Mwezi uliofuata, nani anajitokeza? De Icaza. Yule yule aliyeikataa Qt kwa kukosa uhuru sasa alitangaza Mono, mradi wa kuandika .NET upya kutoka sifuri, huria, iendeshe C# kwenye Linux. Mono kwa Kihispania ni tumbili, na kampuni yake, Ximian, ilikuwa na mapenzi ya nyani tangu mwanzo.

Mono haikuiba msimbo wa mtu. Microsoft, pamoja na Hewlett-Packard na Intel, ilikuwa imepeleka C# na kiini cha .NET kwa shirika la viwango la ECMA, na Desemba 2001 viwango hivyo vikapitishwa. Kiwango kikiwa wazi, yeyote anaweza kukisoma na kujenga chake kinachofanana nacho.

Lakini kiwango kilihusu kiini tu. Sehemu ambazo madevela wa ofisini walizihitaji sana, kama ASP.NET ya kujengea tovuti, ADO.NET ya hifadhidata na Windows Forms ya kuchora madirisha, zilikuwa nje yake. Mono ilizijenga pia. Hapo ndipo hofu ya hataza ilipoingia. Hakimiliki hulinda msimbo ulioandikwa, kwa hivyo ukiandika wako upya umepona. Hataza hulinda wazo lenyewe, na kuandika upya hakukuokoi. Mwaka 2007 Microsoft ilidai hadharani kwamba programu huria zinakanyaga hataza zake 235. Haikuzitaja moja moja. Ilikuwa kama mtu kukuambia ana kitu dhidi yako, kisha akanyamaza.

KAMBI MBILI

Kambi ya kwanza iliongozwa na Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huria. Juni 2009 aliandika kuonya dhidi ya kuitegemea C#. Hakusema Mono yenyewe ni dhambi. Alisema kuwa na njia huria ya kuendesha programu za C# ni jambo jema, ila kuandika programu mpya muhimu kwa C# ni kujitia kwenye hatari bila sababu. Siku Microsoft ikiamua kuzitumia hataza zake, kila kilichojengwa juu ya Mono kingebaki bila pa kusimama. Kwa Kiswahili cha kwetu: nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Kilichochochea onyo hilo kilikuwa kitu kidogo sana. Debian ilikuwa imeamua kuiweka Tomboy, programu ya kuandikia vijinoti iliyoandikwa kwa C#, ndani ya njia yake kuu ya kusakinisha GNOME. Kwa hivyo Mono ingeingia nayo. Tayari Tomboy ilikuwa imeandikwa upya kwa lugha ya C++ na kuitwa Gnote.

Kambi ya pili ilimwona Stallman kama mzee wa kijiji anayekataza vijana kupanda matatu kwa sababu haijui njia. Hoja zao hazikuwa za kipuuzi. C# ilikuwa lugha nzuri, na mtu mmoja angeweza kufanya kwa wiki kile ambacho kwa C kingemchukua mwezi. Wafanyakazi waliokuwa wamefungiwa Windows wangeweza kuhamishia kazi zao kwenye Linux. Isitoshe, kukataa kila kilichoanzia kwa kampuni ni kujinyima chakula kwa sababu ya aliyekipika.

Julai 2009, siku chache baada ya onyo la Stallman, Microsoft ilitoa ahadi ya maandishi kwamba haitamshtaki mtu kwa kutekeleza viwango vile vya ECMA. Kambi ya pili ikashangilia. Kambi ya kwanza ikajibu kwamba ahadi hiyo haikugusa zile sehemu za nje ya kiwango. Kusema kweli, pande zote mbili zilikuwa sawa.

NANI ALISHINDA?

Kesi ya hataza dhidi ya Mono haikuwahi kuja. Pigo lilitoka kwingine kabisa. Ximian ilikuwa imenunuliwa na Novell mwaka 2003. Mwaka 2011 Novell nayo ilinunuliwa na Attachmate, na timu ya Mono ikapigwa kalamu. Soma hapo tena: mradi ulioogopwa kuuawa na hataza za Microsoft karibu uuawe na barua za kufutwa kazi.

Kilichouokoa ni leseni. Kwa sababu msimbo ulikuwa huria, de Icaza na wenzake walibeba kazi yao na mwezi huo huo wakaanzisha kampuni mpya, Xamarin, ya kutengeneza programu za simu kwa C#. Kama Mono ingekuwa mali iliyofungwa, ingelala kwenye kabati la mwajiri mpya hadi leo.

Kisha dunia ikageuka. Novemba 2014 Microsoft ilitangaza kwamba kiini cha .NET kitakuwa huria, chini ya leseni nyepesi ya MIT, na kitaendeshwa kwenye Linux na Mac. Mwaka 2016 iliinunua Xamarin na kuiweka Mono chini ya leseni hiyo hiyo. Mwaka 2018 ikainunua GitHub, soko kuu la programu huria duniani, kwa dola bilioni 7.5. Aliyekabidhiwa usukani wa GitHub alikuwa Nat Friedman, mwenzake de Icaza tangu siku za Ximian. Agosti 2024 Microsoft iliukabidhi mradi wa Mono kwa watu wa Wine, wale wanaowezesha programu za Windows kuendeshwa kwenye Linux.

Kambi ya pili husimulia haya kwa kifua mbele: si tuliwaambia? Lakini mtu hapewi sifa za kuvuka barabara macho yamefungwa kwa sababu tu hakugongwa. Mwaka 2009 hakuna aliyejua kwamba 2014 ingekuja. Stallman alipima hatari iliyokuwepo. De Icaza aliweka dau kwamba hatari hiyo haitatimia, na dau likalipa.

Mahakama nazo zilikuwa na la kusema. Google iliijenga Android kwa kutumia majina na mpangilio wa vipengele vya Java, ikiandika utekelezaji wake yenyewe. Oracle, iliyoinunua Sun na kurithi Java mwaka 2010, ilishtaki mwaka huo huo. Kesi ilivutana hadi Aprili 5, 2021, ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 6 dhidi ya 2 kwamba kunakili mistari ile, takriban 11,500, kulikuwa matumizi ya haki. Majaji hawakusema kama mpangilio wa fremuweki una hakimiliki au la. Waliliruka swali hilo. Kwa hivyo mlango uko wazi, ila si wazi kabisa, tena kesi yenyewe ilichukua zaidi ya miaka kumi. Google ilikuwa na mawakili wa kungoja muda huo. Wewe na mimi je?

KUFULI ZA MLANGO WA NYUMA

Kwa hivyo leo .NET ni huria na mjadala umeisha? Pole pole, buda.

Oktoba 2021, .NET 6 ikikaribia kutoka, Microsoft iliondoa kwenye zana huria kipengele cha kuona mabadiliko ya msimbo papo hapo bila kuwasha programu upya. Ilitaka kipatikane kupitia Visual Studio 2022 pekee, bidhaa yake. Madevela waliwaka mitandaoni, wakiwemo wa ndani ya kampuni. Baada ya siku chache kipengele kilirudishwa na msamaha ukaombwa.

Kuna pia zana ya kusaka hitilafu ambayo Microsoft hutoa kwa .NET. Leseni yake inaruhusu itumike ndani ya vihariri vya Microsoft tu. Kampuni ya JetBrains ililazimika kuiondoa kwenye kihariri chake cha Rider mwaka 2017 na kuandika yake. Samsung nayo iliandika nyingine na kuitoa huria.

Hata Visual Studio Code, kihariri ambacho nusu ya wasee ninaowajua wanakitumia, kiko hivyo. Msimbo wake uko wazi chini ya MIT. Lakini nakala unayoipakua kwenye tovuti yake ina leseni ya Microsoft, na baadhi ya viongezi muhimu vimefungwa.

Hapa ndipo mjadala ulipohamia. Zamani swali lilikuwa kama msingi wa nyumba ni wako. Siku hizi msingi unapewa bure, halafu unakuta kufuli kwenye bafu.

KISA CHA TATU: MAGEMU NA BILI YA GHAFLA

Kwa vijana wa magemu funzo lilikuja Septemba 2023. Unity ni fremuweki ya kutengenezea magemu, mali ya kampuni, na Pokémon GO ni moja ya magemu yaliyojengwa juu yake. Mwezi huo ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 ingetoza ada kila gemu inaposakinishwa, hadi senti 20 za Marekani kwa usakinishaji mmoja, mara gemu ikivuka viwango fulani vya mapato na idadi. Ada ingeyahusu hata magemu yaliyokwisha kutoka.

Fikiria kijana ambaye gemu yake ni ya bure na watu wengi wanaipakua bila kununua chochote ndani. Umaarufu ungekuwa bili. Madevela walipandwa na mori, na wengine wakazima matangazo ya Unity kwenye magemu yao. Kampuni ililegeza masharti, mkuu wake John Riccitiello akaondoka Oktoba 2023, na Septemba 2024 ada hiyo ikafutiliwa mbali kwa magemu.

Wengi walikimbilia Godot, fremuweki huria ya magemu yenye leseni ya MIT tangu 2014. Na sasa cheka kidogo: waliotoka Unity wakiwa na ujuzi wa C# hawakulazimika kuanza upya, kwa sababu Godot inaikubali C#, hapo awali kupitia Mono na leo kupitia .NET huria ya Microsoft. Yule tumbili aliyeogopwa mwaka 2009 ndiye alikuwa daraja la kutorokea mwaka 2023.

HATA ELDORET TULIKUWEPO

Usidhani haya yote ni ya ng'ambo. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Waliijenga kwa Microsoft Access. Ilikuwa zana ya kampuni, ilipatikana kwa urahisi na ilifanya kazi. Wagonjwa walihudumiwa. Mpenda uhuru wa programu asiyekubali hilo anajidanganya.

Lakini wagonjwa wa HIV walipozidi kuongezeka kwenye mpango wa AMPATH huko Eldoret, Access ikaanza kuhema. Mwaka 2004 kazi ya kujenga OpenMRS ikaanza, mfumo huria wa rekodi za afya, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret. Leo unatumika katika nchi nyingi, na KenyaEMR, inayotumika kwenye vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake.

Sasa OpenMRS iliandikwa kwa lugha gani? Java. Na Java mwaka 2004 haikuwa huria. Ilikuwa mali ya Sun. Mwaka huo huo Stallman aliandika kuonya kwamba programu huria iliyoandikwa kwa Java iko huru ila imefungwa pingu. Waliojenga OpenMRS walikuwa na wagonjwa mlangoni, wakaenda mbele. Novemba 2006 Sun ilianza kuifungua Java chini ya GPL, na pingu zikafunguka.

Bahati? Kiasi. Lakini tazama faida yake ya leo. Januari 2023 Oracle ilianza kuuza leseni ya Java yake kwa kuhesabu wafanyakazi wote wa shirika, awe anatumia Java au anapika chai. Hospitali au sako inayotumia toleo huria la OpenJDK haihitaji kulipa chochote kati ya hizo. Java ni ile ile. Tofauti ni karatasi ya leseni.

KABLA HUJAMWAGA SARUJI

Mimi siko kambi ya kukataa. Kazi nyingi za C# zipo, na kijana mwenye kodi ya nyumba tarehe 5 hana anasa ya kuchagua mteja kwa leseni. Lakini siko pia kambi ya "mradi inafanya kazi". Kabla ya kujenga juu ya fremuweki yoyote, jiulize mambo haya manne.

Kwanza, leseni inasema nini, na inaweza kubadilishwa kinyume nawe? Msimbo uliotolewa kwa MIT au GPL haunyang'anywi mkononi. Kampuni inaweza kufunga matoleo yajayo, lakini ulilonalo ni lako. Kwa bidhaa iliyofungwa, masharti yanaweza kuandikwa upya wewe ukiwa umelala.

Pili, leseni ya fremuweki inaoana na leseni yako? Ukitaka kutoa kazi yako kwa GPL huku inategemea maktaba ya kampuni iliyofungwa, unaweza kujikuta ulipokuwa KDE mwaka 1998. Ukitaka kuuza programu iliyofungwa huku umeunganisha maktaba ya GPL, unajitafutia kesi.

Tatu, ni sehemu gani iliyo huria? Kiini pekee, au pia kihariri, zana ya kusaka hitilafu na viongezi? Jaribu kujenga na kuendesha mradi wako mzima bila zana hata moja iliyofungwa. Ukishindwa, umeshaiona kufuli ilipo.

Nne, kuna mtu mwingine anayeweza kuiendeleza? Qt ilikuwa na wakfu, Mono ilikuwa na Xamarin kisha Wine, na Java ina wauzaji kadhaa wanaotoa OpenJDK. Fremuweki yenye mwenyewe mmoja na mlango mmoja ndiyo ya kuogopa, hata kama leo anatabasamu.

Na jambo moja la ziada: tenganisha. Akili ya biashara ya mteja wako, yaani hesabu za mikopo, foleni ya wagonjwa, kanuni za gemu, iandike mbali na fremuweki kadiri unavyoweza. Siku ya kuhama utabeba hiyo na kuacha kuta.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji digrii. Leseni ya MIT ni fupi kuliko sheria zilizobandikwa mlangoni mwa hosteli. Soma. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi mwerevu hujua koleo ni la nani kabla hajawasha moto.

Wale wawili wa kule juu acha waendelee kubishana. Mmoja ana haki ya kuogopa, mwingine ana haki ya kula. Ninachokuomba wewe ni kitu kidogo: jioni ya leo, fungua folda ya mradi unaoutegemea zaidi, tafuta faili iliyoandikwa LICENSE, uisome hadi mwisho. Kama haipo, basi jua umejenga bila hatimiliki, na anza kuuliza ploti ni ya nani.